Sare za Buluu na Nyeupe: Mafunzo Niliyopata Kavumu

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule hapa Kavumu, kilomita thelathini hivi kaskazini mwa Bukavu, kwenye barabara inayopita Katana na Kalehe kuelekea Goma. Wengi wanaujua mji wetu kwa sababu ya uwanja wa ndege tu. Watoto wangu wanasoma shule ya msingi ya serikali, na kwa muda mrefu sasa nimo katika kamati ya wazazi, ile tunayoiita COPA. Ni Mkatoliki, mume wangu alilelewa katika CEPAC, kanisa la Kipentekoste linalojulikana kote Kivu Kusini. Ninayoyaandika hapa niliyapata katika kazi hizo, na nayaandika kwa ajili ya mwamini yeyote anayejiuliza imani yake ifanye nini kati ya Jumatatu na Jumamosi.

1. Kazi niliyokuwa nikiiombea ilikuwa mbele ya nyumba yangu

Fundi wa sare anajua mambo ya shule kabla ya mkuu wa shule. Mwishoni mwa Agosti mama anakuja na watoto wanne, ananiomba nimpime mmoja. Mara nyingi huyo mmoja ni mvulana. Wasichana wanasimama mlangoni wakitazama futi yangu ikimzunguka kaka yao kifuani, na hakuna anayesema neno. Kabla ya mwaka 2019, elimu ya msingi ilipofanywa bure, nilikuwa nikiyaona hayo kila mwaka. Nilijua ni mtoto yupi aliyeachia darasa la tatu, na ni nyumba ipi iliyouza mbuzi ili mmoja tu afike kwenye mtihani wa taifa wa darasa la sita.

Wakati huohuo nilikuwa nikisali novena, nikiimba kwaya, nikienda kila wiki kwenye shirika letu, ndivyo tunavyoita huku jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa mmoja. Katika sala hizo zote nilimwuliza Mungu anataka nifanye nini. Siku moja padri mgeni alituhubiria juu ya sura ya tatu ya Kitabu cha Nehemia. Wasomaji wengi huiruka kwa sababu ni orodha ya majina: fulani alijenga kipande hiki cha ukuta wa Yerusalemu, fulani akajenga kinachofuata. Padri alituonyesha kwamba kadhaa kati yao walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Wamo wafua dhahabu, watengeneza manukato, wafanyabiashara, na yumo mtu aliyejenga pamoja na binti zake. Hao si waashi. Kila mmoja aliacha kwa muda kazi aliyoizoea akashika kipande kilichokuwa karibu naye.

Mbele ya nyumba yangu kuna shule. Ukiwa kwenye cherehani yangu unasikia darasa la kwanza likiimba herufi.

Tangu mahubiri hayo, mama akileta watoto wanne nawapima wote wanne. Vipimo havilipiwi, namwambia, na vyote naviandika katika daftari langu. Wengine wanacheka, wanasema Mama Fundi anatafuta wateja kwa nguvu. Lakini msichana akishapimwa, nyumbani anauliza nguo yake iko wapi, na swali hilo mzazi hulijibu kwa shida. Wapo waliorudi Oktoba. Sketi ya darasa la kwanza naishona na upindo wa vidole vinne, ishushwe mwaka wa pili na wa tatu, kisha imwendee mdogo wake. Mteja ananunua sketi chache zaidi kwangu kwa sababu hiyo, na ndivyo ninavyotaka.

2. Shule yenye jina la kanisa getini ni shule ya serikali

Jambo hili limenichukua muda mrefu kuwaeleza majirani, na naamini ndiyo kiini cha mengine yote. Hapa kwetu watu husema "shule ya mapadri", "shule ya CELPA" (nalo ni kanisa la Kipentekoste), "shule ya CEPAC", kana kwamba ni mali ya mapadri au ya wachungaji. Anayeamini hivyo akionewa shuleni hunyamaza, maana nani atagombana na kanisa lake?

Historia yenyewe ni hii. Utawala wa Wabelgiji uliwaachia wamisionari karibu elimu yote ya watoto weusi. Shule za Wakatoliki zilianza kupata ruzuku miaka ya 1920, za Waprotestanti zikasubiri hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Ilikuwa 1954 ndipo waziri wa makoloni, Auguste Buisseret, alipoanza kufungua shule za serikali zisizo za dini kwa watoto wa Kongo, na maaskofu wakampinga vikali. Mwishoni mwa 1974 Mobutu akazitaifisha shule za makanisa. Haukupita muda serikali ikaona kwamba haiwezi kuziendesha, na Februari 1977 ikatia saini mkataba na makanisa. Kwa mkataba huo serikali inaweka programu ya masomo, inalipa walimu, inatuma wakaguzi na inatoa mitihani. Kanisa linaendesha shule ya kila siku: linawasimamia wakuu na walimu, linatunza majengo na malezi. Kwa hiyo shule ya mkataba ni ya umma. Watoto wengi wa shule za msingi wa Kongo wamo katika shule za namna hii, nazo hazimfungii mlango mtoto wa Mwislamu wala wa asiyesali popote.

Nilipolielewa hilo, kuna kitu kilitulia moyoni. Nilikuwa nimeambiwa na watu wa kwaya yangu kwamba mwamini wa kweli anapigania shule za kanisa, za serikali wazipiganie wanasiasa. Kumbe kwetu ni shule ileile. Kanisa langu liliahidi mbele ya nchi nzima kulea watoto wa wote, na mimi kama mwana wa kanisa nina deni katika ahadi hiyo.

Baada ya madarasa kufurika kwa elimu hiyo ya bure, wenye uwezo walianza kuwahamishia watoto wao shule za binafsi. Siwalaumu, kila mzazi anajua usingizi wake. Watoto wangu nimewaacha walipo. Ninachokiona katika mikutano ni kwamba wakiondoka mwuguzi, karani na mwenye duka, wanaobaki ni akina mama wa mashambani ambao hakuna ofisa anayewaogopa. Nataka kukaa nao kwenye benchi lilelile, mwanangu akiwa katika darasa lilelile.

3. Mtoto asifukuzwe, na mwalimu asife njaa

Watu hunitaka nichague moja kati ya haya mawili. Nimekataa, na kukataa huko kumenigharimu muda mwingi kuliko jambo lolote katika kamati.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hazina ya Zaire ilikuwa imekauka. Mshahara wa mwalimu haukununua tena gunia la muhogo, walimu wakagoma, shule zikafungwa muda mrefu. Kanisa na chama cha wazazi wakakubaliana kwamba wazazi waongeze kitu ili mwalimu arudi darasani. Tukakiita primu. Ilikusudiwa iwe ya muda, ikakaa karibu miaka thelathini. Tena haikuishia kwa mwalimu: sehemu ilipanda kutoka shule hadi ofisi za juu, kila ngazi ikikata fungu lake. Katiba ya Februari 2006, ibara ya 43, ilisema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Pamoja na hayo mtoto aliyekosa primu aliendelea kurudishwa nyumbani katikati ya somo. Nimewaona wakipita mbele ya kibanda changu saa tatu asubuhi, mifuko begani, wakitembea polepole ili wasifike nyumbani mapema.

Septemba 2019 serikali ya Rais Félix Tshisekedi iliamua kuitekeleza ibara hiyo nchi nzima. Sitasahau mwezi ule. Kitambaa cha buluu kiliadimika katika soko la Kadutu, Bukavu, nikanunua mabaki kwa bei ya mita nzima. Walikuja wasichana wa miaka kumi na miwili kuanza darasa la kwanza. Alikuja bibi mmoja kutoka upande wa Miti na wajukuu aliowalea tangu vita, akaniomba nimshonee kila mmoja shati hata kama litakuwa na viraka. Nilishona usiku kwa taa ya sola, nikimshukuru Mungu kwa sauti. Mamilioni ya watoto waliingia shuleni Kongo nzima, na mimi niliona sehemu yao kwa macho yangu.

Lakini madarasa hayakuongezeka, na walimu wa miji kama Bukavu, ambao primu yao ilizidi mshahara wa serikali, walijikuta na kipato pungufu kuliko jana yake. Migomo ikaanza. Oktoba 2021, mgomo wa walimu wa shule za Kikatoliki ulipokuwa umeendelea, wanafunzi wa Kinshasa waliingia hadi ndani ya jengo la Bunge kudai walimu wao. Waliokuwa pabaya zaidi ni wale tunaowaita NP, wasiolipwa: mwalimu ana darasa, ana daftari la mahudhurio, anakaguliwa, ila jina lake halimo katika orodha ya malipo ya serikali. Huyu aliishi kwa primu peke yake. Primu ilipoondolewa, hakubakiwa na kitu.

Shule moja ninayoifahamu vizuri ilikuwa na walimu wa aina hiyo. Mkuu aliitisha mkutano, akaomba kila mtoto alete fedha kila mwezi, akaiita mchango wa hiari. Wiki iliyofuata wasioleta walikuwa nje ya darasa. Nilisimama mkutanoni nikasema kwamba kumtoa mtoto ni kuvunja sheria, na kwamba mwalimu wa darasa la pili hajalipwa na ana watoto wanaokula. Mzee mmoja akaniambia, "Mama Fundi, chagua moja." Tulibishana hadi mvua ikaanza kupiga mabati na hakuna aliyemsikia mwenzake.

Hatimaye tulikubaliana hivi. Hakuna fedha wala kitu kitakachopitia mikononi mwa mtoto. Hakuna orodha itakayosomwa darasani. Atakayetaka kumsaidia mwalimu asiyelipwa atapeleka maharage, unga, sabuni au chumvi kwenye shirika lake, au kwa wazee wa kanisa lake, na familia za Waislamu zikapanga utaratibu wao. Kamati inaandika vilivyopokelewa na vilivyotolewa, na daftari liko wazi kwa mzazi yeyote. Uamuzi unakufa mwishoni mwa kila muhula, mkutano ukitaka unaufufua. Kifungu hicho cha mwisho nilikipigania kwa nguvu zangu zote, kwa sababu najua primu ilivyozaliwa. Maharage yetu ni upendo kwa jirani; yakiitwa mshahara, serikali italala usingizi kwa miaka mingine thelathini.

Upande wa pili wa kazi ulikuwa makaratasi. Tuliandika barua kwa uratibu wa shule za kanisa na kwa ofisi ya serikali inayosimamia shule za eneo letu, tukiambatisha vyeti vya walimu, barua zao za kuajiriwa na majina ya wazazi waliotia saini, tukiomba walimu hao wamekanizwe, yaani majina yao yaingizwe katika orodha ya malipo. Tulikwenda Bukavu tukarudi, tukaambiwa faili halionekani, tukapeleka nakala nyingine. Wa darasa la pili alimekanizwa mwishowe. Mwenzake wa darasa la nne hakungoja. Alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu, na sijasikia habari zake. Alikuwa mwalimu bora wa hesabu tuliyekuwa naye. Jina lake nalitaja hadi leo katika sala, na katika kila barua mpya tunamwandika kama mfano wa gharama ya kuchelewa.

4. Uliza waraka

Mtu akisema katika mkutano "imeagizwa kutoka juu", naomba kuona waraka: nani ameutia saini, tarehe gani. Ukiwepo tunausoma wote. Nyaraka huja kwa Kifaransa, na akina mama wengi wa huku wanajua Mashi na Kiswahili tu, kwa hiyo tunampa mwanafunzi wa sekondari ausome na kuutafsiri kwa sauti. Usipokuwepo, ajenda inayofuata.

5. Kulitaja jina la Mungu hakutoshi hapa Kavumu

Kati ya 2013 na 2016 wasichana wadogo wa mji wetu walichukuliwa usiku kutoka vitandani mwao, wakabakwa, wakaachwa mashambani. Walikuwa makumi, na wengine hawakuwa wamefikia umri wa darasa la kwanza. Walipelekwa hospitali ya Panzi, kwa daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Bukavu, ambaye alipaza sauti juu yao wakati wakubwa wengi walikuwa kimya. Kesi ilisikilizwa hapahapa Kavumu na mahakama ya kijeshi, na tarehe 13 Desemba 2017 mbunge wa bunge la jimbo na watu wa kundi lake walihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Kundi hilo lilijiita Jeshi la Yesu.

Nimelitafakari jina hilo mara nyingi nikiwa kwenye cherehani. Mtu anayetoka mji kama wetu hana budi kuelewa kwa nini jirani anajikunja anaposikia mtu akianza na neno "Bwana ameniambia". Imani yangu sikuiacha, ila nilijifunza kutoitanguliza mdomoni. Katika kamati tunafungua kwa sala fupi, kisha mtu anayesema anamtumikia Mungu anatazamwa amefanya nini kwa msichana wa miaka saba.

Kwa hiyo tulianza na choo. Choo cha wasichana cha shule yetu hakikuwa na mlango wa kufunga. Seremala mmoja wa CELPA alitengeneza milango kwa mabanzi, akaweka komeo kwa ndani, kwa ndani hasa, msichana mwenyewe alishike. Vijana wa parokia wakachimba shimo jipya. Kisha mwalimu wa kike wa darasa la sita aliniita pembeni, akaniambia wasichana wakubwa wanapotea siku kadhaa kila mwezi. Nilichukua mabaki ya flana na pamba, nikashona taulo za kitambaa zenye vifungo, zinazofuliwa na kukauka juani. Sasa kila msichana wa darasa la tano na la sita anapewa, bila jina lake kuandikwa popote. Mwalimu huyo ameniambia kwamba mahudhurio yamebadilika. Kati ya kazi zote nilizofanya kwa mikono hii, hiyo ndiyo ninayoamini zaidi kwamba niliitiwa.

6. Mhuri wa ofisi una uzito mbele ya Mungu

Juni 15, 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo kule Roma, kanisa lilimtangaza Mwenyeheri kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mfanyakazi wa OCC, ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa. Mwaka 2007 alikataa fedha alizopewa ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite mpakani. Akatekwa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Katika jumuiya ya Sant'Egidio alikuwa akiwatunza na kuwafundisha watoto wa mitaani wa Goma katika Shule ya Amani.

Siku ile tulifuatilia habari kwa redio na simu, na watu wa shirika letu walilia. Mimi nilimfikiria akiwa mezani, na karatasi mbele yake, na mhuri mkononi. Watu wa kwetu wamezoea kufikiri kwamba utakatifu uko kanisani na uchafu uko katika kazi za serikali, na anayeingia huko lazima achafuke. Kijana huyu alikuwa mtumishi wa umma. Alimtumikia Mungu kwa kukagua chakula sawasawa.

Nilikwisha kuonja kidogo jaribu la namna hiyo, dogo sana mbele ya lake. Kiongozi wa shule nyingine, mbali na yetu, alinipendekezea kwamba wanafunzi wote walazimishwe kununua sare kwangu, bei ipande, na tofauti irudi ofisini kwake. Ingekuwa kazi ya mwaka mzima, na mwaka huo mume wangu hakuwa na kazi. Nilimjibu kwamba sare ni kitambaa na rangi, kila mzazi ashone anapoweza. Kazi akapewa fundi mwingine. Nyumbani tulikula muhogo na sombe bila samaki kwa muda, na mume wangu alinishika mkono akasema tumefanya vizuri. Namheshimu sana kwa neno lile.

Mkaguzi anayekataa bahasha, mkuu asiyeuza alama, mwekahazina wa COPA anayefungua daftari kabla hajaombwa: hawa nawaombea kwa majina kama ninavyowaombea mapadri.

7. Shule ilipofungwa niliona inashika mangapi

Februari 14, 2025 waasi wa M23 waliuteka uwanja wa ndege wa Kavumu, na siku mbili baadaye walikuwa Bukavu. Shule zilifungwa, familia zikatawanyika. Kwa wiki zile hatukujua nani yuko hai na nani amevuka kwenda wapi, kwa sababu habari za mitaa yetu zilikuwa zikipita kwa watoto: mtoto akikosekana darasani, jioni kamati inajua, kesho yake mtu anabisha hodi nyumbani kwao. Shule ilipokuwa imefungwa, hakuna aliyejua mlango wa kubisha.

Zilipofunguliwa, watoto walirudi wakiwa na nguo waliyokimbilia nayo. Nilisimama katika mkutano wa kwanza nikaomba kwamba mtoto asizuiliwe kwa kukosa sare. Mimi, fundi wa sare. Ombi lilikubaliwa bila ubishi. Benki za Bukavu zilikuwa zimefunga milango, na mishahara ya walimu hupitia benki, hivyo hata waliomekanizwa walijikuta kama wale NP. Daftari la maharage likafunguliwa tena, likiwa na majina mengi zaidi ya wapokeaji kuliko watoaji. Walimu walifundisha. Nataka iandikwe mahali fulani kwamba walimu wa Kavumu walifundisha katika miezi ile, wengine wakiwa hawana hata chaki, wakiandika ubaoni kwa vipande vya muhogo mkavu.

Tulikubaliana pia kwamba ndani ya uwanja wa shule hakuna mkutano wa siasa ya upande wowote, na anayeingia na bunduki ataombwa na wazee aondoke. Mpaka sasa wazee wamelibeba jukumu hilo kwa ujasiri ambao sikuwahi kuuona kanisani.

8. Darasa la sita si mwisho

Shule ya bure inaishia darasa la sita. Mtoto aliyeingia kwa gratwite, yaani elimu ya bure, ya 2019 akiwa darasa la kwanza alifanya mtihani wa taifa mwaka 2025, na darasa la saba linalipiwa. Wale wasichana wa miaka kumi na miwili niliowashonea sketi mwaka ule walikuwa wameshakuwa wanawake vijana walipofika darasa la sita, na wanaume walianza kuja nyumbani kwao kuleta maneno ya ndoa. Mzazi akitazama ada ya sekondari upande mmoja na mahari upande mwingine, nani atamshauri? Hapo ndipo tulipo sasa.

Tumezungumza na MUSO za mashirika yetu, ile mifuko ya kuwekeana akiba na kukopeshana, ziwe na mkopo wa Septemba wa ada ya darasa la saba, usio na riba, unaorudishwa baada ya mavuno ya maharage. Baadhi zimekubali, nyingine zinaogopa wakopaji watashindwa kulipa, na hofu yao ina haki. Wakuu wawili wa shule za sekondari za mkataba wamekubali ada ilipwe vipande vipande. Tunaandaa barua kwa uratibu tuombe shule zote za eneo letu la Kabare zifanye hivyo, na kwamba msichana aliyefaulu mtihani apokelewe hata kama kipande cha kwanza hakijakamilika.

Barua inahitaji majina. Mzazi au mlezi yeyote wa Kavumu, Miti au Lwiro aliye na mtoto anayemaliza darasa la sita alete nakala ya buletini yake, yaani ripoti ya alama, kibandani kwangu, siku yoyote isipokuwa Jumapili, awe wa dini yoyote. Asiye na fedha ya nakala alete buletini yenyewe, tutaiandika kwa mkono mbele yake. Na kama ni msichana, aje naye, nimpime.